Goti la Aloisi na Mpaka wa Kaka Yake

Marangu, juu ya Moshi,
majira ya baridi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo hii mbele ya kila kitu ili Athumani, anayekusomea, aitamke vizuri kabla hajaanza kukimbia na maneno kama kawaida yake. Athumani, mdogo wangu, soma polepole. Ukifika mahali pa kucheka mwache Mama acheke kwanza. Mahali penyewe si pengi, nakuonya mapema.

Mama, mgongo wako unaendeleaje? Yule mbuzi mwekundu amezaa salama? Na mvua imenyesha huko Kondoa, au mnayaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wenzenu? Huku mawingu hayapiti, yanakaa. Asubuhi yanashuka mpaka kwenye migomba, na jirani akikusalimu unaitikia sauti tu, mwenyewe humwoni. Mwili wangu ni mzima. Kile kikohozi kilichonipokea nilipofika kimekwisha, na mtori wao, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, nimeuzoea hata nikiukosa siku mbili naulizia. Kinachonisumbua si ugonjwa wangu. Ni wa mtu mwingine, na ndiyo maana barua imekuwa ndefu.

Uliniuliza kazi ya dresa ni nini hasa, kwa sababu shangazi amewatangazia watu kuwa mimi ni daktari. Tafadhali mwambie apunguze. Nasafisha vidonda na kuvifunga, nachemsha sindano, nagawa dawa ya malaria, na daktari Mzungu akipanda kutoka Moshi mjini namshikia beseni. Akishuka nabaki peke yangu na zahanati ya vyumba viwili, na watu wanaodhani akili zake ameniachia.

Sasa kuna mtu anaitwa Aloisi. Ni mpagazi. Wazungu wanaokuja kupanda mlima humkodi awabebee mizigo, na humsifia miguu. Mtu huyu amekwenda kwenye barafu na kurudi mara nyingi bila hata kuchubuka, kisha akaanguka kutoka kwenye mti ulio nyuma ya nyumba yake, akikata majani ya ng'ombe. Huku ng'ombe hawaendi malishoni, Mama. Wanakaa ndani na majani ndiyo yanayowafuata, wanaishi kama masultani. Mguu ulivunjika juu kidogo ya goti. Mjini wakamfunga plasta muda mrefu, na ulipofunguliwa mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini goti lilikuwa limegoma. Akikaa kwenye benchi letu mguu unatokeza mbele umenyooka, na kila anayeingia anajikwaa.

Daktari alimpima, akaniambia Aloisi mwenyewe akisikia: goti hili likikunjwa kila siku litarudi, lakini likiachwa hivi mpaka kahawa ivunwe, litabaki hivyo hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Akanionyesha mazoezi. Mgonjwa alale chali, akunje, anyooshe, ahesabu, apumzike, arudie. Kisha akaingia kwenye gari lake.

Kupanda mlima na mguu mkavu pengine mtu anaweza, akivumilia. Kushuka na mzigo kichwani ndiko kunakotaka goti, na mpagazi asiyeweza kushuka hakodiwi na mtu. Shamba lake la ndizi na kahawa, ambalo wao huliita kihamba, ni dogo, halitoshi kulea watoto. Aloisi anayajua hayo kuliko mimi. Lakini mazoezi aliyachukia. Nikimsimamia alikunja uso zaidi ya goti. "Mimi si rikruti wa jeshini, Dresa," aliniambia. "Nilale chini mchana kweupe, nihesabu, ninyanyue mguu, watu wanapita wananiona?" Mkewe, Mama Anna, akanivuta pembeni akaniambia nyumbani hafanyi kabisa. Anajifunika blanketi, na akiulizwa anajibu amekwisha fanya.

Nikambembeleza, nikamtisha, nikachoka. Mama, unanijua mimi sina subira nyingi. Siku moja alikuwa amekaa benchi, mimi nakunja bendeji zilizofuliwa, na bendeji moja ikaniponyoka ikabingirika mpaka kwenye mguu wake. Aloisi akaivuta kwa kisigino ili anirudishie. Goti lilikunjika. Kidogo tu, lakini lilikunjika, na uso wake haukubadilika, kwa sababu akili yake ilikuwa kwenye bendeji. Nikajidai sikuona. Nikaiangusha tena.

Kesho yake nilitengeneza mpira wa majani makavu ya mgomba, nikaufunga kwa kamba. Tukakaa kwenye nyasi nyuma ya zahanati, tumetazamana, miguu mbele. Mpira ukija lazima uuvute kwa kisigino mpaka karibu na makalio kabla ya kuurudisha. Ukikushinda, unawika kama jogoo. Aloisi aliniangalia kama mtu anayefikiria kwenda kunishtaki. Huyu ni mtu wa kukaa mbele kanisani, mtu wa koti hata kukiwa na jua. Basi mpira wa kwanza nikaukosa makusudi, nikawika. Niliwika kwa nguvu zangu zote, na Mama Anna aliyekuwa anapita na mzigo wa majani kichwani akautua ili acheke vizuri. Mpira wa pili ukamshinda yeye. Akatazama kushoto na kulia, akawika. Ilikuwa sauti ya jogoo mwenye mafua. Lakini aliwika, Mama, na jioni ile alivuta mpira mpaka jasho likamtoka bila kuhesabu kitu.

Wakaanza kuja wengine. Kwanza wagonjwa waliokuwa wanasubiri zamu, kisha majirani wanaotoka shambani, wanaume na wanawake wazima, wengine wenye wajukuu. Niliona haya kidogo, nikamwuliza bibi mmoja, mtu aliyelima mchana kutwa anatafuta nini tena kwenye mazoezi. Akanijibu, "Jembe halijanichekesha hata siku moja," akaenda kupanga foleni. Tukaacha kukaa, tukasimama. Tukaweka magoli mawili, na nikatunga sheria kwamba ukikaribia goli huruhusiwi kukimbia, unachuchumaa na kutembea kama bata. Aloisi alicheza na fimbo mkononi. Alikuwa anaanguka, anainuliwa, anatukanwa kwa upendo. Ndani ya muda mfupi unyayo wake ukaanza kugusa sakafu akiwa amekaa benchi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata tangu niondoke nyumbani, nakuambia ukweli.

Na akaja Filipo. Huyu ni kaka yake mkubwa, watu humwita Meku Filipo, na meku ndilo neno lao la mzee. Tangu baba yao afariki, ndugu hawa walikuwa wanasalimiana kwa kupitia watu. Sababu ni kipande cha ardhi kule chini, mahali kihamba cha mmoja kinapokutana na cha mwenzake. Siku ya kwanza Filipo alisimama njiani na panga kwapani, akasema amekuja kuangalia wendawazimu. Siku ya pili akaweka panga chini. Baada ya hapo akawa ndiye mlinda goli wetu, na hakutaka mwingine ashike nafasi hiyo. Jioni moja Aloisi alikuwa anamjia kwa mwendo wa bata, uso umekunjamana kwa maumivu, na Filipo akamwambia, "Kunja, mdogo wangu, au unaogopa suruali itapasuka?" Watu wote wakacheka, kisha wakatazamana, kwa sababu walikuwa wamemsikia akimwita mdogo wangu. Aloisi akafunga goli. Filipo alidai amemwachia.

Hapo ndipo nilipoharibu, mimi mwanao.

Miti ya magoli ilikuwa inaibwa. Nikichomeka fimbo leo, kesho imekwisha kuwa kuni au kigingi cha mbuzi. Nikaangalia huku na huku, nikaona kuna mmea mmoja ambao hakuna mtu anayeugusa. Umenyooka, majani marefu ya kijani, wenyewe wanauita masale. Mbuzi hali, wanawake hawakati, hata wakati wa shida ya kuni unaachwa. Nikajisemea huu ndio unaofaa, hauna mwizi. Siku moja nilikwenda bondeni kumwona mama aliyejifungua, na wakati wa kurudi nikakuta masale manne yamesimama ndani ya nyasi ndefu, hayana ua wala nyumba karibu. Nikayang'oa, nikapanda nayo begani nikiimba, nikayachomeka uwanjani. Wachezaji waliyasifu. Kila mmoja alidhani nimeyatoa kwenye ua wa zahanati.

Athumani, pumua hapo, umpe Mama maji.

Huku masale ndiyo mpaka, Mama. Baba akigawa ardhi hapimi kwa kamba, anapanda masale, na anayeyang'oa ni sawa na aliyeingia ndani ya nyumba akahamisha ukuta. Yale manne aliyapanda baba yao Filipo na Aloisi kwa mkono wake. Ndiyo yaliyokuwa yamebaki kusema wapi ni kwa nani, kwenye kile kipande wanachogombania. Mimi ninayetoka Kondoa ningejuaje? Lakini hilo ni swali la kujifariji, halijarudisha kitu.

Filipo alikwenda kukata majani akakuta mashimo. Alipanda na panga lake, hakusema na mtu njiani. Tulikuwa tunacheza. Akafika mpaka golini kwake, akashika sale moja, akaligeuza, akalitambua. Nadhani hata sasa nikifumba macho namwona. Mpaka wake ulikuwa umesimama kulia na kushoto kwake jioni zote zile, naye akirukaruka katikati yake watu wakimcheka.

"Kumbe mlikuwa mnanichezesha," alisema. Hakupiga kelele. "Mmenifanya niwike juu ya mpaka wa baba."

Nikasema ni mimi, ni mimi peke yangu, sikujua. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Aloisi.

"Mgeni angejuaje njia ya kule chini kama hakuonyeshwa?"

"Sikumtuma, kaka," Aloisi akajibu.

"Nilikuwa nakuita mdogo wangu," Filipo alisema, akaondoka. Na watu wakaondoka, mmoja mmoja, kila mtu na upande wake. Mpira ukabaki kwenye nyasi na Aloisi amesimama na fimbo.

Nilikwenda kwa mzee wa ukoo wao kuuliza nifanye nini. Akanicheka kwanza, akanihurumia baadaye. Akaniambia dawa ya kosa la masale ni masale: chukua jani lake, lifunge fundo, mpelekee uliyemkosea. Akiletewa hilo hawezi kukataa kusamehe. Nikafanya hivyo. Nilisimama mlangoni kwa Filipo na jani langu mkononi. Akalipokea. Akanikaribisha, akanipa mbege, ile pombe yao ya ndizi na ulezi, nami nikamwambia dini hainiruhusu, akaagiza niletewe maziwa. Akasema, "Wewe nimekusamehe, Dresa, kinyongo changu kwako kimekwisha." Na ni kweli, hajanionyesha uso mbaya tangu siku ile. Nikamwomba arudi uwanjani. Akasema, "Umeleta sale la kosa lako. La mwenzako hujaleta, na siyo kazi yako kulileta."

Nikakimbia kwa Aloisi. Nikamwambia peleka jani tu, yaishe. Akasema, "Nikipeleka nimekiri kwamba nilikutuma. Kesho atasema na ardhi nimekiri." Nikamwambia basi nitayarudisha masale mahali pake. Akaniuliza, mahali pake ni wapi? Tukashuka wote na Mama Anna, Aloisi akikokota mguu njia nzima. Mvua ilikuwa imenyesha, mashimo yamejifukia. Mimi nilidhani ni hapa, Mama Anna akadhani ni pale, na Aloisi akakataa kabisa kuonyesha, kwa sababu popote atakapoonyesha kaka yake atasema amesogeza. Aliyejua ni baba yao. Wazee wa ukoo wamesema watakaa kulimaliza jambo hili, na hawawezi kukaa mpaka kahawa ivunwe, kwa sababu sasa kila mtu yuko shambani kwake. Kwa wazee hiyo si mbali. Mashauri mengine huku yamesubiri tangu enzi za Mjerumani.

Lakini goti halisubiri. Ndilo nililojaribu kuwaeleza na hakuna aliyenielewa, au wamenielewa na hawana la kufanya. Wananijibu kwa upole, "Tutakaa, Dresa." Nikajaribu kucheza na Aloisi wawili tu. Alivuta mpira mara ya kwanza, mara ya pili ukamshinda, nikamngoja. Akasema, "Siwiki." Nikasema basi usiwike, vuta tu. Akavuta kidogo, kwa adabu, kama mtu anayekula chakula cha msiba. Wale wengine hawaji. Anayekuja kucheza na Aloisi ataonekana amechukua upande, na ndugu wa Filipo ndio hao hao ndugu wa Aloisi. Yule bibi wa jembe alipita juzi akaangalia nyasi, akaniambia bega limerudi kuuma.

Daktari alipanda wiki iliyopita. Alilishika goti, akasema lilikuwa limeanza vizuri na sasa limerudi nyuma, akauliza kwa nini. Nilianza kumweleza habari ya masale. Aliniangalia kwa mshangao, akasema aendelee na mazoezi yale yale, alale, akunje, ahesabu. Hakusema vibaya.

Kwa hiyo kila jioni nafunga zahanati nakwenda kwake. Namlaza, nashika mguu wake kwa mikono miwili, nakunja mimi. Ananiruhusu. Anatazama paa, mimi natazama goti, na mkewe anapika bila kutuuliza kitu. Jana Mama Anna alinifuata mpaka nje akaniuliza kama hakuna sindano ya goti. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kama mjini pia hakuna, na nikashindwa kumwangalia. Mama, nimesomea kufunga vidonda. Hiki hakina mahali pa kufunga. Wewe umesuluhisha wanawake wa mtaa mzima kisimani, na baba mdogo amekuwa mzee wa baraza. Kama mnalo neno, nitumieni. Lakini najua neno la Kondoa likifika huku litakuwa neno la mgeni mwingine.

Nisalimie baba mdogo na umpe pole ya macho. Msalimie shangazi, mtangazaji wangu, mwambie nimeanza kuvaa viatu kazini kama daktari ili asionekane mwongo. Shemeji yangu, mke wa Athumani, namtakia ajifungue kwa wepesi. Binamu aliyekuja kuniaga stendi simtaji jina, anajijua, blanketi lake ndilo linaloniponya na baridi ya huku. Na majirani wote wanaoniulizia, waambie nipo, nafanya kazi, nakula.

Nilikuwa nimekwisha ibandika barua, nikangoja lori la kwenda mjini, na nimeifungua tena kwa sababu asubuhi hii nimekutana na Filipo kwenye daraja la mfereji. Alikuwa na mzigo wa majani begani. Tukasalimiana vizuri, akaniulizia nyumbani, nikamjibu kwamba Mama yuko salama. Akapita. Kisha nikasikia ametua mzigo nyuma yangu.

"Linakunjika?" akaniuliza.

Nikageuka. Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama maji ya mfereji.

"Halikunjiki, Meku," nikamwambia. "Lilikuwa linakunjika. Sasa halikunjiki."

Midomo ilimcheza, na nikadhani atasema kitu, nikaomba Mungu aseme. "Mwambie ajikaze," akasema.

"Mwambie wewe, Meku. Nyumba yake ndiyo ile."

Iko karibu, Mama, kutoka pale darajani unaona moshi wa jiko ukitoka kwenye paa. Filipo aliutazama moshi ule. Akatikisa kichwa taratibu, akainama, akachuchumaa mpaka chini kabisa ili aingize bega chini ya mzigo wake, magoti yote mawili yakikunjika bila shida, akasimama nao akaenda zake kwa njia ya juu, isiyopita kwa Aloisi.

Lori limefika. Niombeeni.

Mimi mwanao asiyekusahau,
Saidi